Kikohozi cha Ubeti wa Pili

Fundi wa friji aliyeitwa Baridi hakuingia katika duka lile la vyombo vya nyumbani kutafuta mke. Aliitwa kutengeneza friji, Jumamosi saa tano asubuhi, duka limefurika watu kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Kwenye sehemu ya vinanda akakwama. Msichana mwenye gauni la njano lenye vifungo vikubwa vyeusi alikuwa akijaribu kinanda huku akiimba wimbo ambao mwaka ule hata kasuku walikuwa wameuchoka. Baridi akapigwa na butwaa. Bisibisi ikamponyoka, ikamdondokea kwenye kidole gumba cha mguu, naye asisikie kitu. Hali hiyo, waheshimiwa, kitaalamu huitwa maafa.

"Kaka, umeangusha bisibisi," msichana akasema, vidole vikiendelea.

"Najua. Unafundisha?"

"Nafundisha watoto. Miaka saba hadi kumi na miwili."

"Basi nimechelewa kidogo tu."

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Miezi mitatu baadaye Baridi alikuwa mwanafunzi wake, na pia mpenzi wake, ingawa katika daftari la mahudhurio aliandikwa kama mwanafunzi tu. Shida ilikuwa moja: akiimba, vidole vinagoma, vidole vikikubali, maneno yanapotea. Mwalimu akajirekodi nyumbani kwao akipiga na kuimba, akamtumia kwa simu.

"Sikiliza, iga, usiongeze la kwako," akamwonya. "Kwenye onyesho la wanafunzi wangu Mama yangu atakuja. Ukimfurahisha yule, mengine yote mepesi."

Baridi aliyajua hayo mengine. Alikusudia siku hiyohiyo kumwomba Mama amwoze binti yake.

Kumbe Mwalimu hakuisikiliza rekodi ile kabla ya kuituma. Katikati ya ubeti wa pili alikohoa mara mbili, akaita, "Mama, zima jiko, nakuja," kisha akaendelea kuimba. Baridi alijua fika kwamba jiko halimo katika wimbo. Lakini katika pengo lile ndipo mkono wake wa kushoto ulipopata nafasi ya kuhamia vibonye vyeusi. Kila alipoliondoa jiko, mkono ulipotea kama mgeni stendi.

"Ubeti wa pili vipi, mpenzi?" Mwalimu akauliza kwa simu.

"Hauna neno."

Huo ulikuwa uongo, tena wa mchana kweupe.

Siku ya onyesho Baridi alivaa koti la kijivu lililombana kwapani. Mama alikaa safu ya mbele, kilemba cha zambarau, mkoba mapajani. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri, Mama akaanza kutikisa kichwa. Ukaja wa pili. Baridi akakohoa. Akakohoa tena.

"Mama, zima jiko, nakuja."

Mama akasimama, macho yamemtoka.

"Jiko? Nani kaliacha linawaka?"

Akakamata mkoba, akatoka mbio. Hapo wazazi thelathini na watoto wao wakaangua kicheko kilichotikisa madirisha.

Jioni simu ikalia.

"Umenigeuza kichekesho mbele ya wazazi."

"Mwalimu wangu, nisikilize..."

"Si mwalimu wako. Wala si wako."

Akakata. Baridi akapiga mara kumi na saba, hapokei.

Siku ya nne Mama mwenyewe akamwambia bintiye, "Nenda kamsikilize yule kijana. Anayetania hatoki jasho vile."

Mwalimu akaenda, uso ameukunja. Mlangoni mwa karakana ya Baridi akasikia kinanda. Baridi, ndani ya ovaroli yenye mafuta, alikuwa ameupa mlango mgongo, kinanda amekilaza juu ya friji bovu. Akaimba hadi ubeti wa pili. Akakohoa mara mbili. Akaliagiza jiko lizimwe. Kisha akaupiga kofi mkono wake wa kushoto, akaanza upya, na jiko likarudi.

Mwalimu akaduwaa. Humo ndani hamkuwa na mtu wa kuchekeshwa.

"Unamtania nani? Friji?"

Baridi nusura aanguke. Akamweleza yote, akamwekea rekodi asikie. Mwalimu akajisikia mwenyewe akikohoa, akaziba mdomo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema niige. Niliogopa utaniona kichwa kigumu, na mimi nataka kukuoa."

Mwalimu akavuta kreti, akaketi ubavuni pake. Baridi akaanza wimbo upya; ubeti wa pili ulipofika, Mwalimu akaushika mkono wake wa kushoto, akauvusha taratibu hadi kwenye vibonye vyeusi. Hakuna aliyekohoa. Wakaumaliza wimbo mzima, wakatazamana kama waliookota kitu barabarani.

"Mimi sina kipingamizi," Mwalimu akasema. "Mpigie Mama."

Baridi akapiga.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Yule wa jiko. Naomba kumwoa binti yako."



"Njooni nyumbani wote wawili tuzungumze," Mama akasema. "Ila sharti langu nakwambia sasa hivi, mwanangu."

"Naam, Mama."

"Siku ya harusi, ataimba mtu mwingine."