Mbwa wa Mbali, Mbwa wa Karibu

Jumapili asubuhi Pare alikuwa barazani akimenya viazi vitamu. Mikono ilikuwa kwenye viazi, lakini masikio yalikuwa mlimani. Mumewe, Rawiri, alikuwa ameondoka alfajiri na mbwa wawili, Moki na Riri. Sasa jua lilikuwa limepanda. Umande ulioganda kwenye majani ulikuwa umeyeyuka wote, na hakuna aliyerudi.

Zilibaki wiki tatu tu. Baada ya hapo ukoo mzima ungekusanyika kwenye marae, nyumba yao ya mikutano, kufunua jiwe la kaburi la baba yake Pare. Mzee alikuwa mwindaji. Kwa miaka mingi, kila msiba na kila harusi ya bonde lile watu walikula nguruwe pori aliyemleta yeye. Ndiyo maana Pare alisema mbele ya ndugu zake wote, "Siku ya baba tutakula nyama ya mlimani. Hatununui."

Kaka yake, Hohepa, alicheka. "Sawa, dada. Lakini mimi nitaagiza kondoo wa dukani. Ahadi haichemki sufuriani."

Maneno hayo yalimkaa Pare kooni kama mwiba wa samaki. Na mpaka siku ile jokofu lilikuwa tupu.

Mara pikapu ikaingia uani. Rawiri akashuka. Hakuwa na nguruwe. Alikuwa amembeba Riri, na shati lake lilikuwa limelowa damu.

"Amechanwa tena?" Pare akauliza.

"Begani. Dume kubwa, Pare! Kama pipa!"

"Liko wapi?"

"Limekimbia."

"Na Moki?"

Rawiri akainamisha kichwa. "Sijui. Alivuka kilele cha pili. Sijamwona tena."

Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Mara tatu nguruwe alikimbia, na mara tatu Riri alirudi na jeraha. Pare aliinjika maji jikoni, kisha akakimbia kwa jirani yao, Huia.

Huia alikuwa dereva wa basi la shule. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika mpaka kiti cha nyuma. Kwa miaka ishirini alikuwa amewinda pamoja na baba yake Pare. Alikuja na mabuti yake ya mvua, akapiga magoti karibu na mbwa.

"Maji umechemsha?"

"Yanachemka, shangazi."

"Tia chumvi kidogo, uyaache yapoe. Usimmwagie ya moto. Huyu si kuku wa kunyonyoa."

Rawiri akaleta sindano na uzi wa kuvulia samaki. "Nimshone?"

"Rudisha uzi wako mtoni, mkwe. Hili limeingia ndani. Ukishona juu na uchafu uko chini, litaoza. Tunaosha, tunafunika kwa kitambaa safi, na unampeleka kwa daktari wa mifugo leo hii."

Walikuwa bado wanaosha jeraha, Moki akatokea langoni. Alikuwa amechoka, ulimi nje, matope mpaka masikioni. Rawiri akasimama, akakunja kamba ya mbwa mkononi.

"Ndiyo unakuja sasa, mzururaji we!"

Moki akalala chini pale pale langoni. Hakutaka kuingia.

"Rawiri!" Huia akaita. "Shusha huo mkono. Mbwa amefanya nini?"

"Amechelewa saa tatu nzima, shangazi!"

"Nakuuliza sasa hivi. Sasa hivi amefanya nini?"

Rawiri akamtazama mbwa. "Amerudi."

"Basi unataka kumpiga kwa sababu amerudi. Yeye hajui habari ya saa tatu. Anajua kwamba akifika kwako anachapwa. Ukimpiga leo, safari ijayo atachelewa saa sita."

Rawiri akaiweka kamba chini. Moki akaja polepole, tumbo likigusa majani, akanywa maji.

Jioni Rawiri alirudi kutoka kwa daktari. Riri alikuwa ameshonwa vizuri, na alitakiwa kupumzika wiki mbili. Watatu wakaketi jikoni kunywa supu.

"Haya, nieleze tangu mwanzo," Huia akasema. "Moki alipobweka, wewe ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya mto."

"Ukafanya nini?"

Rawiri akakoroga supu yake. Pare ndiye aliyejibu.

"Alipiga ukelele wa baba. Nilimsikia mpaka hapa."

Ukelele ule ulijulikana bonde zima. Mzee alikuwa akiita kwa sauti nene, "Haaa! Shika!" na mlima wote ukaitika.

"Ni heshima kwa mzee," Rawiri akasema. "Alipoita vile, mbwa walipata moyo. Nguruwe hakuponyoka."

"Kweli. Lakini aliita lini?"

"Mbwa walipobweka."

Huia akaweka kijiko mezani. "Nyinyi mlikuwa huku chini, mkisikia sauti tu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mkwe, mzee alikuwa ananyamaza kama jiwe. Mbwa walibweka, akanyamaza. Tulivuka mto, akanyamaza. Tulitambaa kwenye vichaka vya kangaga nusu saa nzima, na ukikohoa anakukata jicho. Aliita alipokuwa hatua ishirini kutoka kwa nguruwe, kisu mkononi. Ule ukelele ulikuwa na maana moja: nimefika, shika."

Rawiri akasukuma bakuli lake pembeni.

"Wewe unaita ukiwa ng'ambo ya mto," Huia akaendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Riri anakuamini. Anamrukia nguruwe, anashika. Anakungoja, na wewe hupo. Nguruwe ana nguvu kuliko mbwa mmoja. Anamchana, anakimbia. Na nguruwe aliyeumwa hakimbii karibu. Mbwa wanamfuata mpaka kilele cha pili, cha tatu, mpaka mashamba ya watu."

Rawiri akamtazama Riri aliyelala karibu na jiko, bega limefungwa kitambaa.

"Nimekuwa namdanganya," akasema.

"Hukujua. Sasa sikiliza. Moki anakwenda mbali, na pua yake nzuri. Mwache aende, atafute, abweke. Nguruwe akibwekewa tu bila kuguswa, mara nyingi husimama kumkabili mbwa. Riri ni mkali, anauma bila kubweka. Mbwa wa namna hiyo usimwachilie mbali. Anatembea na wewe, kwenye kamba, mpaka umwone nguruwe kwa macho yako. Anayekwenda mbali asishike. Anayeshika asiende mbali."

"Na Moki asiporudi?" Pare akauliza.

"Hilo tunaanza kumfundisha kesho. Na ile kola ya kuonyesha mbwa alipo, mliyonunua mwaka jana?"

Rawiri akajikuna shingo. "Iko kabatini. Mzee hakuwa na kola."

"Mzee hakuwa na meno pia. Utang'oa yako?"

Pare alicheka mpaka supu ikampalia.

Kila jioni Huia alipomaliza kurudisha watoto wa shule, walikwenda na Moki kwenye malisho. Moki akikimbia mbele, wao hawakumwita. Waligeuka kimya, wakaenda upande mwingine. Moki akiinua kichwa anaona watu hawapo. Siku ya kwanza aliwatafuta muda mrefu. Alipowapata, Rawiri alimpa kipande cha ini na kumsugua masikio. Siku ya tano alikuwa akikimbia, kisha anasimama kutazama nyuma. Siku ya kumi Rawiri alipiga mluzi mara moja, na Moki akaja mbio.

"Ona sasa," Huia akasema. "Zamani wewe ulikuwa unamfuata mbwa. Leo mbwa anakufuata wewe."

Daktari alimkagua Riri akasema amepona. Pare akamshonea kizibao cha turubai nene, cha kukinga kifua na shingo. Alhamisi, siku mbili kabla ya shughuli, Rawiri aliomba ruhusa kazini. Yeye na Pare walipanda mlima asubuhi, kukiwa bado na baridi, kwa sababu mbwa akikimbizwa kwenye joto anaweza kufa. Moki alivaa kola. Riri alikuwa kwenye kamba, mkononi mwa Pare.

Saa moja ikapita. Kisha, ng'ambo ya mto, Moki akabweka.

Rawiri akafungua mdomo. Pare akamtazama. Rawiri akaufunga.

Walishuka, wakavuka maji. Riri alivuta kamba mpaka viganja vya Pare vikawaka moto.

"Atakimbia," Rawiri akanong'ona. "Tukichelewa atakimbia, na hii ndiyo siku ya mwisho."

"Moki bado anabweka. Twende."

Walipanda kwa magoti na mikono. Pare alimfikiria Hohepa na kondoo wake. Alifikiria wageni wanaotoka mbali. Kila hatua alisikiliza ile sauti, na kila mara ilikuwa pale pale.

Mwishoni wakasogeza majani. Jike nono la nguruwe lilikuwa limeegemea mti ulioanguka. Moki alikuwa mbele yake, anabweka, anaruka nyuma, anabweka tena. Hakuwa na mkwaruzo.

Rawiri akachomoa kisu. Akavuta pumzi.

"Haaa! Shika!"

Pare akaachia kamba. Riri alikwenda kama jiwe lililotupwa, akashika sikio. Kabla nguruwe hajageuka, Rawiri alikuwa ameshamdaka miguu ya nyuma. Kisu kikafanya kazi yake upesi.

"Acha," Rawiri akasema. Riri akaachia.

Pare alimvua kizibao, akampapasa shingo, kifua, tumbo, miguu. Akatazama viganja vyake. Havikuwa na damu. Akaketi kwenye kangaga akalia kidogo, na Riri akamlamba uso.

Jumamosi jiwe lilifunuliwa, sala zikasomwa. Kisha wanaume wakafukua tanuri la ardhini, na mvuke wa nyama na viazi vitamu ukajaa uwanja. Hohepa alikula sahani mbili bila kusema kitu. Alipochukua ya tatu, akasema, "Dada, kondoo wangu nimemrudisha dukani jana."

Mjomba mmoja anayeishi karibu na bonde akamgeukia Rawiri.

"Mkwe, kwa nini hatukuwa tukisikia ukelele wako? Wiki tatu kimya, mpaka juzi mara moja tu! Tulidhani unaumwa koo."

Rawiri akatabasamu, akamwongezea mzee nyama.

"Nilikuwa sijafika karibu, mjomba."