Mawese Si Dawa ya Kifua

Consolate alitoka kijijini Kiringye na chupa mbili za mawese, moja ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo, na nyingine ya dawa. Kwao mtoto akikohoa hubanwa pua, na akifungua kinywa apumue, humiminiwa kijiko. Makohozi yateleze. Hivyo ndivyo alivyolea watoto saba, basi nani angemfundisha kitu?

Safari hii mgonjwa alikuwa mjukuu wake Espoir, wa miezi minane. Kifua chake kilikoroma nyumba nzima hapo mtaani Kilibula. Mwaka jana dada wa mtoto huyo, Dorine, alikufa kwa kikohozi hichohicho. Consolate alikuwa ameapa kwamba huyu hatakufa.

Laurette alipoingia, Consolate alikuwa ameshambana mtoto pua. Laurette ni jirani, tena ni relais wa afya, anayepita nyumba kwa nyumba kutazama wagonjwa.

"Mama, unamupatia nini?"

"Mawese. Ilegeze makohozi."

"Acha, mama! Mutoto akilia huku anamezeshwa, mafuta inaingia mu mapafu. Kule haitoki."

"Weye umezaa wangapi?" Consolate alifoka.

Laurette alimfunua Espoir kifua, akahesabu pumzi dakika nzima. Sitini na nne! Ngozi ilikuwa ikizama chini ya mbavu.

"Twende centre de santé. Sasa hivi."

Agathe, mama wa mtoto, alikwisha kuita pikipiki.

Huko kituo cha afya Espoir alidungwa sindano siku tano, akapona. Waliporudi, Laurette aliwaeleza tena.

"Mutoto mudogo hivi, umunyonyeshe mara kwa mara, umupanguse pua. Asali ni kisha kufikisha mwaka moja. Tangawizi na ndimu ni ya siye wakubwa. Pumzi ikienda mbio, mbavu zikizama, ao akikataa kunyonya, musingojee."

Consolate akauliza, "Na Dorine?"

"Dorine alikuwa aje, mama?"

"Alikohoa siku mbili. Asubuhi nikamunywesha mawese. Mangaribi akakata roho."

Laurette alimshika mkono. "Haukujua, mama."

Agathe alikuwa mlangoni, Espoir mgongoni. Alisikia yote. Maskini, hata kulia hakuweza.

Consolate aliinuka, akaimimina ile chupa ya dawa yote katika sufuria ya sombe. Jioni wote walikula, isipokuwa yeye.

Siku hizi mtoto akikohoa mtaani, Consolate huingia hata kabla ya kukaribishwa.

"Mawese iko wapi? Mupikie sombe. Minye nilinywesha mutoto wetu, nikamuzika."