Abiria Aliyetaka Kufikishwa Mlangoni

Gari la Mwirigi lilianza kunuka siku ya mvua, na mwanzoni alidhani ni panya aliyefia chini ya kiti.

Miaka ile teksi za Meru zilikuwa Pijo kuukuu, na ya Mwirigi ilikuwa safi kuliko nyingi. Asubuhi hiyo pale Makutano alikuwa amempakia mwanamke aliyevaa baibui lililolowa hadi likamganda mwilini. Mwanamke alitamka neno moja tu, "Majengo," na Mwirigi akamjibu, "Nitakufikisha, mama."

Njia aliijua. Unateremka kutoka Makutano, unapita soko, unakunja kushoto penye msikiti, kisha lami inakwisha mbele ya vibanda vya chai. Kuanzia hapo ni miguu yako, kwa sababu vichochoro vya mtaa ule wa zamani vilijengwa wakati watu wakisafiri na punda. Alipofika mwisho wa lami aligeuka kumwambia abiria ashuke. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimelowa, na katikati yake palikuwa na ute mzito, wa manjano kama usaha.

Mkewe, Kagure, alikisugua kiti kwa maji moto na sabuni ya unga, akikunja uso. Kilipokauka, ute ulirudi. Harufu nayo ikazidi: nyama iliyooza ndani ya maziwa yaliyochacha. Wateja walifungua mlango, wakaufunga, wakaenda kwa dereva mwingine.

"Ndugu yangu, umebeba maiti?" Njagi, rafiki yake wa stendi, alimuuliza kwa sauti ya chini.

Mwirigi alifungua madirisha yote ya gari. Jioni hiyo, nyumbani kwao Kinoru, alikuwa akila githeri ya mahindi na maharagwe alipohisi unywele ulimini. Akaushika kwa vidole akauvuta. Ulikuwa na mvi na mafuta mafuta, nao haukuisha. Aliuvuta ukitoka kooni, na chini ya koo, akitapikatapika, machozi yakimtoka, hadi ukaanguka sahanini umejikunja kama mnyoo. Kagure, aliyekuwa na mimba kubwa, alikimbilia nje akatapika kando ya ukuta.

"Baba, hicho kitu kimeingia ndani yako," alisema aliporudi. "Kitafika kwa mtoto."

Kesho yake, akiwa peke yake garini mchana kweupe, Mwirigi alisikia mtu akitafuna nyuma ya sikio lake, utafunaji wa mdomo usio na meno, wenye mate mengi. Akatazama kioo. Hakuona mtu, ila kiti kilikuwa kimebonyea.

"Hatujafika," sauti ikasema.

Alimsimulia Njagi, naye akamwambia arudi Majengo akaulize. Wauza chai wa mwisho wa lami walimwelekeza kwa Ambaro, bibi wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia na kuwatibu wenye majini. Ambaro alimsikiliza huku amejiziba pua kwa ushungi.

"Ulimwambia utamfikisha?"

"Nilimwambia, mama."

"Basi ameishika ahadi yako. Huyo ni jini wa nyumba moja huku ndani. Wenyewe walimfuga, kisha wakahamia Isiolo wakamwacha. Anataka kwao. Gari haliingii, kwa hiyo utambeba mgongoni. Usimshushe njiani."

"Na sasa nyumba hiyo ina watu?"

"Ni tupu. Imefungwa miaka."

Waliporudi mwisho wa lami, Mwirigi alichuchumaa kando ya mlango wa gari, mgongo wake ukielekea kiti. Kitu baridi kikampanda. Mikono laini, iliyolegea kama utumbo, ilimzunguka shingo. Akasimama, akaanza kutembea, Ambaro akimfuata na chetezo cha ubani, na kadiri kichochoro kilivyozidi kuwa chembamba ndivyo mzigo ulivyozidi kuwa mzito, nywele zenye majimaji zikimshika shavuni, mate yakimtiririka ndani ya kola na kushuka uti wa mgongo, pumzi ya kaburi ikimpuliza puani kila alipovuta hewa, na kuku wakiruka juu ya mabati, na wanawake waliokuwa wakipepeta mchele vizingitini wakiinuka na kuingia ndani, naye akimeza matapishi yake mwenyewe na kuyameza tena, kwa kuwa aliogopa kuinama asije akamwangusha.

"Hapa," sauti ikasema. Ikacheka, kitu chenye uvuguvugu kikamlamba sikio.

Mlango ulikuwa wazi. Msichana mmoja alitoka, amebeba kitoto kichanga begani.

"Karibuni. Mnamtafuta nani?"

Ambaro alisimama. "Wewe ni nani?"

"Habon. Tumepanga hapa juzi tu, mama."

Mikono ya shingoni ililegea, tayari kushuka. Mwirigi alimwona mtoto akigeuza kichwa, akikunja pua kwa harufu. Angeachilia tu, angekuwa huru, na Kagure angejifungua salama.

"Nishushe," sauti ikasema.

Mwirigi akaikamata ile mikono kwa mikono yake miwili. Ngozi ilimeguka vidoleni mwake kama ndizi iliyooza. "Hapa kuna mtoto," alisema. "Sikushushi."

"Basi twende kwako."

Mwirigi alilia. Hakusogea mbele wala nyuma.

Ambaro aliweka chetezo chini. "Mimi ndiye niliyekosea," alimwambia. "Nilisema ni tupu bila kuja kuangalia. Kwangu hakuna mtoto wala mume. Huyu uliyembeba ni mtu wa Majengo, na mimi pia." Akamgeuzia jini mgongo, akainama, akasema maneno ya Kisomali, taratibu, kama anayembembeleza mgeni mkaidi.

Uzito ukamtoka Mwirigi mara moja. Alianguka kwa mikono, akatapika maji meupe. Alipoinua uso, alimwona bibi akiondoka kuelekea nyumbani kwake, mgongo umepinda, hatua moja baada ya nyingine.

Kagure alijifungua msichana, wakamwita Karwirwa. Gari halikunuka tena.

Kila Ijumaa Mwirigi huliacha gari mwisho wa lami, akaenda kwa miguu hadi kwa Ambaro. Bibi hatoki nje siku hizi. Majirani humpelekea chakula na kukiweka mlangoni. Mwirigi huingia. Hukuta shuka zimeloa ute ule ule wa manjano, na kitandani, nyuma ya bibi aliyelala ubavu, pamebonyea. Kitu kinatafuna polepole.

"Usije tena, mwanangu," Ambaro humwambia. "Utaugua."

Mwirigi hukunja mikono ya shati, akavuta shuka kwa upole kutoka chini yao wote wawili, akatoka uani kuzifua.