Tochi ya Mikelenge

Rafiki yangu Anaclet, fundi wa taa za filamu, hawezi kulisimulia hili akiwa ameketi. Yeye na wenzake walikuwa mtaani Mikelenge wakipiga filamu kuhusu vita, katika chumba ambamo wakati wa vita mtu mmoja alimulika watu usoni kwa tochi akisema, "Njo huyu," yaani ndiye huyu. Aliyeonyeshwa, mwanamume au mwanamke, alitolewa nje, asirudi.

Mzee Mwamba, aliyenona vizuri tangu vita, alikuja kuhojiwa kama shahidi. "Mutoto yangu, ufiche sura yangu," alimwambia Anaclet. "Miye sikuona kitu."

Anaclet akaielekeza taa ukutani. Ikarudi yenyewe polepole, chuma kikilia, ikatua usoni mwa mzee. Anaclet akachomoa waya wake wa umeme. Madirisha yalikuwa yamezibwa, giza likajaa, lakini uso ule ukabaki unang'aa. Nyuma ya kiti, katika chumba kisicho na mwanamke, sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Njo huyu."