Paji la Uso Sakafuni

Mvua ilikuwa imeligeuza soko la Daraja Mbili kuwa uji, mwaka huo wa 1974. Bochaberi, muuza vitambaa wa Kisii mjini, alikuwa akichagua ndizi, gauni la njano amelishika juu, kijana mwenye suruali pana miguuni alipoteleza mbele yake. Badala ya kuanguka kama gunia, alijikunja, akabiringika begani, akapiga tope kwa kiganja na kusimama.

"Umeanguka ama umecheza?"

"Nimefanya mazoezi, dada."

Jina lake lilikuwa Nyasani. Fundi Mjapani aliyefanya naye kazi Nairobi ndiye aliyemfunza kuanguka na kupigana hivyo. Sasa naye alifunza vijana kule Suneka.

"Hiyo ni karate?"

"Mzee mmoja Japani alijua jujutsu, ile ya kukamata na kuangusha. Akaongeza ngumi za karate."

"Mahindi na maharagwe, sufuria moja."

"Ila hii inauma."

"Hujaonja ya mama yangu!"

Wakapendana. Wazee wa Nyasani walikuwa karibu kuja kuposa, Bochaberi alipompelekea chakula mazoezini bila kumwambia. Kupitia dirishani akamwona mpenzi wake amepiga magoti, paji la uso sakafuni, mbele ya picha ya mzee wa Kijapani. Bochaberi, Msabato tangu mgongoni mwa mama, alirudi na chakula chake.

Kesho yake simu ikalia dukani kwake.

"Mpenzi, mbona kimya?"

"Hapa tunauza vitambaa. Sanamu katafute kwingine!" Akakata.

Jumapili Nyasani alifika Ekerenyo, kwa Mama Persis, mamake Bochaberi, mjane aliyemlea kwa kuchuma chai. Bochaberi alikuwepo, na mama alishaambiwa yote; Nyasani hakukaribishwa kiti.

"Mama, yule mzee ndiye aliyeanzisha mchezo wetu. Simwombi kitu, wa kuombwa ni Mungu. Namwambia asante, basi. Halafu tunageukiana, hata aliyekuangusha unamwinamia."

"Asante ya kichwa sakafuni?"

"Ndiyo walivyonifunza." Akapiga magoti, paji la uso likagusa sakafu. "Na hii ni yako, Mama. Kwa kunilelea huyu."

Miaka yote ile ya kikapu mgongoni, nani alimshukuru Mama Persis? Akajifuta macho kwa leso.

"Inuka, baba. Mimi si picha. Waambie wazee wako waje. Bochaberi, weka maji ya ugali."

Bochaberi hakwenda jikoni. Alipiga magoti kando ya Nyasani, gauni la njano likashika vumbi, akamwinamia mama yake.

"Vibaya hivyo," Nyasani akanong'ona. "Paji la uso liguse chini."

Likagusa.