Kengele Ndefu ya Saa Nne

Siku ya gulio Ngaramtoni, katikati ya akina mama wa maziwa na magadi, alisimama mwanamume aliyejipenda kupita kiasi. Kanzu yake ilikuwa nyeupe pe, juu yake koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na miguuni buti za njano ambazo hazikuwa zimekanyaga mavi ya ng'ombe, jambo gumu sana kwa mtu aliye Ngaramtoni. Nyuma yake vibarua walichimba shimo la nguzo ya simu. Katika uwanja wote ule, walikuwa wamechagua pale pale wanawake walipopanga vibuyu vyao.

"Sogeeni! Kazi ya Serikali hii!"

Wanawake wakasogea. Binti mmoja, Namnyaki, hakusogea. Alikuwa ametumwa mayai na misheni alikofanya kazi, na kikapu chake kilikuwa ukingoni mwa shimo. Alivaa gauni la merikani alilolishona mwenyewe, na shingoni ushanga wa kwao, ambao Bibi mchungaji, mzungu wa misheni, alikwisha kumwambia mara tatu auvue.

"Mama, hukusikia?"

"Mama yako ana miaka kumi na minane?"

Watu wakacheka. Yule mwenye koti, karani wa boma aitwaye Sumari, kijana wa Kimeru aliyerudi na elimu yake kutoka shule ya Tanga, akalirekebisha koti lake. "Binti, hapa panasimama nguzo. Nguzo inabeba waya, waya unabeba maneno. Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, atasema akiwa bomani, na Mhindi mwenye duka lile atamsikia akiwa hapa hapa."

"Na Mhindi ana nini cha kumwambia Bwana Shauri?"

Sumari akakung'uta vumbi kwenye kanzu. Hilo Serikali haikuwa imemfundisha.

"Huo waya una tundu?" mzee mmoja akauliza. "Sauti itapenya wapi?"

Sumari akacheka kicheko cha mtu aliyesoma. "Hauna tundu, mzee. Ukisema, sauti yako inatikisa kibati. Kibati kinatikisa umeme, umeme unakimbia kwenye waya, na upande wa pili unatikisa kibati kingine karibu na sikio la mwenzako. Kinachosafiri si sauti. Ni mtikisiko."

"Na vile vikombe vyeupe?" Namnyaki akaelekeza kidevu juu ya nguzo iliyolala. "Mtakuwa mnakunywa chai huko juu?"

"Ni kauri. Umeme haupiti kwenye kauri. Bila hivyo ungeteremka na nguzo ukapotelea ardhini." Akamtazama vizuri sasa. "Unaitwa nani?"

"Uulize waya."

Sumari hakuhitaji kuuliza waya. Wiki iliyofuata alikwenda misheni kutundika sanduku la simu ukutani, na aliyemfungulia mlango, funguo kiunoni, ni yule yule binti wa mayai. Sumari akamweleza kila kitu, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumtongoza mtu. Hili sikio, unaliweka sikioni. Hiki kinywa, unasema hapa. Huu mkono unauzungusha, kengele inalia kwa wengine. Hii betri ndiyo inayotoa umeme. "Na huu waya unaoingia kwenye udongo?" Namnyaki akauliza.

"Waya wa juu ni mmoja tu," alisema. "Umeme unakwenda kwa waya, unarudi kwa ardhi."

"Ardhi yetu inafanya kazi ya Serikali bila hata kuulizwa."

"Namnyaki, sikiliza. Mko wanne kwenye laini moja. Boma ni mlio mmoja mfupi. Ninyi ni mifupi miwili na mmoja mrefu. Shamba la mzungu, kule Lemara, ni mifupi mitatu. Duka la Ngaramtoni ni miwili mirefu. Ukisikia mlio mmoja mrefu usiokatika, wote mnanyanyua: ni moto, ni sotoka ya ng'ombe, au ni amri."

"Nikinyanyua mlio wa mwingine?"

"Utasikia mazungumzo yake. Ila kila sikio linalonyanyuliwa linakula umeme kidogo. Sauti ikififia ghafla, ujue wambea wameingia."

Tangu hapo, kila siku saa nne asubuhi, laini ilijaribiwa. Hakuna laini duniani iliyowahi kujaribiwa kwa bidii namna hiyo.

"Misheni? Karani wa boma hapa. Unanisikia?"

"Nakusikia kama mbu."

"Mbu anakuuma?"

"Anaimba tu. Hana meno."

"Roho yangu, nimeahidiwa kupelekwa Mwanza kujifunza simu ya upepo. Haina waya hata kidogo! Mlingoti mrefu unarusha umeme hewani, unasambaa kama maji ya bwawa ukitupia jiwe. Mwenye chombo cha kuunasa anaunasa, awe mbali vipi."

"Na asiyehusika, akiwa na chombo?"

"Naye anaunasa."

"Basi hilo ni duka la Ngaramtoni, limejaa wambea, tena lisilo na mlango."

Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Jumapili ya wiki ijayo wazee wangu wanashuka kwenu Levolosi na asali ya posa kwa baba yako. Usiniaibishe."

"Asali ya nyuki wakubwa au ile adimu ya nyuki wadogo?"

"Unaijua thamani yako wewe!"

"Ndiyo maana nauliza."

Namnyaki alipotundika lile sikio alijikuta anatabasamu peke yake, na alikasirika kujiona anatabasamu.

Siku ya Alhamisi ikalia mifupi mitatu, ya Lemara. Namnyaki alikuwa anafuta vumbi. Aliujua mzungusho ule wa Sumari, wa haraka na wa majivuno. Hakuwa mmbea, alijiambia, mkono ukiwa tayari umenyanyua. Hata Bibi mchungaji alinyanyua kila jioni, akasema ni kujifunza lugha.

"Nasikia unaoa, ndugu yangu," alikuwa anasema Dismasi, karani wa Kichaga wa lile shamba. "Kijakazi wa misheni! Msomi wa Tanga na mfua mashuka!"

Sumari angeweza kusema ndiyo. Ni neno fupi, halichoshi betri. Akacheka kile kicheko cha Ngaramtoni.

"Nani kasema naoa? Nampotezea muda. Binti yule anadhani sauti inapita ndani ya waya kama maji ya mfereji. Namkaririsha kama kasuku, najaribu laini basi."

Kila sentensi sauti yake ilizidi kufifia. Yeye aliyefundisha habari za masikio, badala ya kunyamaza, akaongeza kelele.

"Sumari," Namnyaki akasema.

Kile kicheko kikakatika.

"Sauti haipiti ndani ya waya. Kinachopita ni mtikisiko. Betri inautoa umeme, kauri inauzuia, ardhi inaurudisha. Na wewe umefifia, maana yake masikio yote yapo hapa. Ulinifundisha mwenyewe ukasahau. Bado neno moja la somo lako. Nguzo. Nguzo ni gogo refu lililochomekwa na Serikali. Maneno ya watu yanapita juu yake, lenyewe halina hata moja."

Akatundika.

Dukani Ngaramtoni, Mhindi alikuwa ameshikilia lile sikio hewani ili wateja wasikie. Kufika Ijumaa, watoto walimwita Sumari Nguzo mpaka mlangoni pa posta ya boma. Wazee wake wakatuma neno Levolosi: binti amemvua nguo mwanamume mbele ya wilaya nzima. Aombe radhi pale pale alipotukania, la sivyo asali haishuki.

Jumamosi mvua ilinyesha, na Sumari akaja mwenyewe kwa miguu, buti za njano zimekuwa rangi ya tope la Levolosi. Mama yake Namnyaki, Nosim, alikuwa anamenya ndizi barazani.

"Takwenya, yeyo," akamwamkia mama kwa lugha ya kwao.

"Iko," Nosim akajibu, akamwonyesha migomba kwa kisu. "Yuko kule. Mpe maneno mazuri, baba, maana mabaya anayo ya kutosha."

Akamkuta anakata majani ya ng'ombe. "Nilikosa," akasema kwa kunong'ona. "Dismasi alicheka, nikaona aibu. Nakupenda, Namnyaki. Unisamehe."

Namnyaki aliendelea kukata. Kilichomuuma zaidi ni kwamba moyo wake ulikuwa umefurahi kumwona, mjinga ule.

"Ulinitukana kwenye masanduku manne ya simu. Radhi unaniombea mgombani?"

"Unataka nini?"

"Kengele ndefu."

"Ile ni ya Serikali! Bwana wa posta, mkubwa wangu, atanifutia safari ya Mwanza."

"Basi nenda Mwanza."

Jumatatu saa nne, kengele ikalia misheni mlio mmoja mrefu usiokatika. Nosim, aliyekuja tangu alfajiri kumbembeleza mwanawe aombe radhi, akashika ukuta akidhani ni sotoka. Namnyaki akanyanyua. Alisikia pumzi za laini nzima.

"Mimi ni Sumari, karani wa boma." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Alhamisi nilisema uongo juu ya Namnyaki..."

"Hatusikii!" mtu akapiga kelele Ngaramtoni. "Sema kwa nguvu!"

"Nilisema uongo!" Sumari akafoka. "Nilimtaka awe mke wangu, namtaka hata sasa! Nilimwonea haya, na mwenye kustahili haya ni mimi!"

Mzungu wa Lemara akaanza kubweka Kijerumani, waiache laini. Sumari akasema juu yake, akarudia yote tangu mwanzo, polepole, kama anayesoma amri. Safari ya Mwanza ilikuwa imempotea, na yeye alijua.

"Namnyaki, upo?"

"Nipo."

"Wazee wangu wako hapa dirishani. Wanasema mimi nimesema langu, sasa nawe useme lako la radhi. Neno moja tu, mpenzi, asali ishuke."

Nosim akamvuta gauni. "Sema, mwanangu. Ni neno tu."

"Nisipolisema," Namnyaki akauliza, "wewe utakuja?"

Laini ikavuma. "Nitakuja. Hata peke yangu, na mzinga wa asali kichwani."

 Namnyaki akasogeza mdomo kwenye kile kinywa cha simu, ili hata wa Ngaramtoni wasikose neno.

"Basi nitakuwa nyumbani Jumapili, Sumari, nakungoja. Nakupenda, na wambea wote wasikie. Wazee wakitaka kuja na asali, waje. Wakitaka kukaa nayo, wakae. Lakini niliyosema Alhamisi yalikuwa kweli siku ile, kila neno. Siombi radhi."