Mume Wangu Aling'oa Paipu Zangu, Ukuta Ukamkamata Mama Yake

"Usimguseee!"

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Mama mkwe wangu, Dorotea, alikuwa ameng'ang'ania ukuta wa mabati, mwili mzima unatetemeka, sauti haitoki...

Mume wangu Mihayo akawa anamkimbilia. "Mayu! Mayu weee!" akamwita mama yake kwa Kisukuma.

Nikamsukuma, chini! Nikarukia swichi kubwa, nikazima.

Mama akadondoka kama gunia. Alikuwa hai!

Jamani, ngojeni niwaambie ilikuwaje.

Mwaka 1995, Mabatini, Mwanza. Biashara zimefunguliwa, viwanda vya minofu ya sangara vinaota ufukweni, vyote vinataka matoroli na mageti. Mihayo fundi wa kuchomelea. Mimi, Modesta, fundi umeme. Tukajenga karakana: nguzo za chuma, kuta mabati, paa mabati.

"Waya tupigilie tu kwenye bati," akasema.

"Thubutu! Bati lina makali. Mashine zikitikisa, waya unachubuka, jengo zima linakuwa umeme!"

"Basi paipu za plastiki."

"Cheche zako zitaziyeyusha. Hapa ni paipu za chuma, na waya wa ethi wa kupeleka umeme ardhini."

"Kwani wewe ni mke wangu au mkaguzi?"

"Vyote viwili!"

Nikafunga paipu kwa mikono yangu. Kisha nikaenda Nansio, msiba wa shangazi.

Kumbe mwenzangu alikuwa anasubiri niondoke! Akaita fundi mwingine, wakang'oa paipu zangu zote, wakazitumia kuchomelea geti la mteja!! Waya wakazipitisha kwenye matundu ya bati. Ethi hakuna.

Narudi asubuhi, mvua imenyesha. Mama analeta chai ya mafundi, akajishika ukutani avuke tope...

Hapo ndipo nilipopiga ile kelele.

Mama akakimbizwa hospitali. Kesho yake ukoo wa mume wangu ukakaa kikao palepale karakana. Nilidhani nitaombwa radhi. Wapi!

"Mwanamke gani anamwangusha mumewe mbele ya watu?" akafoka baba mdogo Shimba.

Mihayo hakunitazama usoni. "Fundi atabadilisha ule waya uliochubuka, tunawasha. Ukipinga, rudi kwenu."

Iliniuma, jamani. Mwanaume niliyempenda!

Nikachukua koleo.

"Kwetu nitarudi. Ila nyaya hizi haziwaki!"

Ka! Ka! Ka! Nikazikata zote, wanatazama.

"Mtoeni nje!" Mihayo akanguruma. "Karakana ni yangu!"

"Ya nani?"

Tukageuka. Mama Dorotea yuko mlangoni, katoka hospitali, mkono una bendeji.

"Kiwanja hiki nilikinunua mimi, kwa kuuza dagaa, kabla hujajua hata kushika nyundo. Nimekuazima tu. Atakayeondoka hapa si Modesta!"

Baba mdogo Shimba akaanza kutafuta kofia yake.

"Shikamoo mama..." ndilo neno pekee lililonitoka, na machozi juu.

"Marahaba mwanangu. Funga paipu zako."

Mihayo je? Alinunua paipu mpya za chuma, akanishikia ngazi mpaka paipu ya mwisho. Tulipowasha, yeye ndiye aliyetangulia kuweka kiganja chake ukutani. Akakiacha pale.

"Nisamehe, Modesta."

Nilimsamehe, lakini si siku hiyo!

Dada unayenisoma: kazi unayoijua usikubali kunyamazishwa, hata na unayelala naye kitanda kimoja. Wakikufukuza, ondoka na msimamo wako. Na wewe mwenye jengo la chuma, waya wa umeme si kamba ya kuanikia nguo!